Mabomba Mekundu ya Kamanda Rangi

Wafiwa wenzangu, waombolezaji, na nyinyi wakubwa wa kikosi mliokalia viti vya mbele, historia mliyotuandalia ofisini tumeipokea na kuiweka kando, kwa sababu shemeji yangu, mjane wa marehemu, ameniomba nisome ile anayoijua yeye, na mimi mdogo wa marehemu sina ubavu wa kumkatalia.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi nyuma ya stesheni na kumaliza sekondari mwaka 1980, hakuwa wa kwanza wala wa mkia, ila madaftari yake yalikuwa safi kuliko ya wote, walimu wakamsifu kwa hilo, na nadhani sifa hizo ndizo zilizomponza.

Alijiunga na zimamoto mwaka 1982, na mwanzoni alikuwa mtu wa kazi kwelikweli, aliwahi kumteremsha bibi kizee kutoka ghorofani mgongoni mwake, huku bibi akimtukana ngazi nzima kwa kumwacha paka, kisha akapandishwa cheo, akaonja kiyoyozi, na tangu hapo moto akawa anautazama kwenye televisheni kama sisi.

Mwaka 1988 alimwoa shemeji yetu, muuguzi, wakajaliwa binti wawili, ambao tunao hapa.

Alipokuwa kamanda, mwaka 2006, kila mgeni mkubwa alipotarajiwa aliamuru mabomba ya zimamoto ya barabarani yapakwe rangi nyekundu upya, kama yana maji au hayana halikuwa swali la mtu mwenye adabu, vijana wake wakambatiza Kamanda Rangi, naye akadhani wanamsifu unadhifu.

Soko kuu lilipoungua, Agosti 2011, mpira uliunganishwa kwenye bomba linalong'aa, bomba likakohoa kutu, watu kumi na mmoja wakafia vibandani mwao, nanyi wakubwa mkaunda tume, tume ikanywa chai, ikapendekeza ving'ora vipya. Mafuriko yalipofuata, boti la uokoaji lilikuwa limefungiwa ghalani, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina ya majanga.

Alistaafu mwaka 2021 kwa hotuba na saa ya ukutani. Tarehe 9 Juni mwaka huu, mchana, moto ulianzia jikoni kwake, wenzake wakafika, wakaunganisha mpira kwenye bomba lililo mbele ya geti lake mwenyewe, halikutoa hata tone, na waliomtoa ni majirani, kwa ndoo na mablanketi mabichi.

Hospitalini, siku yake ya mwisho, alimshika mkewe mkono.

"Mama watoto, lile bomba nilijua ni kavu."

"Na la sokoni?"

"Na la sokoni."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani na ndoo zao, wafanyabiashara wa soko waliokuja kumzika mtu asiyestahili safari yao, na kikosi kwa gari lililobeba jeneza, limeoshwa vizuri na limefika kwa wakati, jambo ambalo kaka hakuwahi kulishuhudia akiwa hai.

Mashada yenu hatuyataki. Pale kwenye geti la makaburi kuna bomba, limepakwa jana, rangi bado inashika mikononi, na kabla hatujamshusha kaka kaburini, mjane anaomba mkubwa mmoja wenu ainuke akalifungue, sote tukiangalia.

Kaka, wewe pumzika kwa amani, sisi tumesimama hapa tunasubiri maji.