Mpagazi wa Kitabu cha Farzana

Benchi letu la Nyamugari, hapa Gitega, Burundi, liko mbele ya cherehani ya Chabani, tunayemwita Dokta kwa sababu hakuna jambo asilokuwa na dawa yake. Kasilda anauza kahawa pembeni. Twaha, fundi viatu, jina lake la hapa ni Mahakama: anahukumu kwanza, anauliza baadaye. Asubuhi ile kesi ilikuwa kitabu. Farzana, mwalimu, binti wa mwenye duka la vitambaa kule Muyinga, alikuwa ametoa riwaya yake ya kwanza, akaja kukaa nasi nayo mapajani. Ndani yake, mama mzee wa Kihindi mwenye duka anamnywesha mpagazi wake chai kwa kikombe cha bati kinachoning'inia nje kwenye msumari, mbali na vikombe vya nyumba. Mama yule ni bibi yake Farzana, mzaa baba. Farzana hakulificha hilo.

— Kitabu iko nzuri, Dokta akasema. Lakini mi ningemuua mpagazi. Ubaguzi kwenye kitabu, mtu asipokufa, msomaji hashtuki.

— Usimuue, akasema Mahakama. Yule mama ndiye afungwe. Sura ya mwisho yote iwe tribinali. Na duka ichomwe.

— Duka ya baba yangu? Farzana akauliza.

— Ile ya kitabu, dada.

— We unakosea, Dokta akamwambia. Dawa ni moja: angeandika ubaguzi wa Wazungu. Wao wameshazoea kuandikwa. Tena aweke vita, na meli, na mfalme.

— Na sisi je? Kasilda akauliza. Sisi tuandikwe wapi?

— Sisi hatuna hiyo, akasema Mahakama. Hapa kila mtu anakunywa na kila mtu.

Kasilda aliweka termosi chini.

— Ile siku Mutwa, yule wa kabila la Batwa mwenye kuuza vyungu, alikunywa hapa, nani aliniambia nioshe kikombe mara mbili na maji ya moto?

Mahakama alikitazama kiatu alichokuwa akishona.

— Ile ilikuwa sababu ya mikrobe, akasema polepole.

— Mikrobe ya Mutwa peke yake?

Mahakama akarudi kwenye sindano yake.  Farzana alisimama, kwa sababu alikuwa amemwona mgeni aliyekuwa akimngoja: mzee mrefu, kofia mkononi, ameshuka sasa hivi kwenye basi la Muyinga. Alimsalimia kwa mikono miwili.

— Huyu ni mzee Simoni, akatuambia. Wa Gashoho. Alibeba mizigo kwetu miaka thelathini. Mpagazi wa kitabu ni yeye.

Dokta alimpa nafasi yake. Mzee alikuwa amekuja kupokea kitabu, na kwa kuwa hajui kusoma, Farzana alimsomea pale pale sehemu ya siku ya kwanza ya kikombe cha bati: jinsi mpagazi anavyopanda kilima cha kwao peke yake jioni, analia, analala bila kula.

Simoni alisikiliza mpaka mwisho.

— Ya kikombe ni kweli, akasema. Ego, ndiyo, iliniuma. Ilinichukua miaka kumwambia bibi yako, na nilipomwambia alinyamaza. Hapo umeandika vizuri, mwanangu.

— Asante, mzee.

— Ila ile siku ya kwanza nilifika nyumbani nikakuta mke wangu amezaa. Mtoto msichana, Jovina. Majirani walileta pombe ya ndizi. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Kikombe nilikikumbuka kesho yake, nilipokiona tena.

Akaweka kidole kwenye jalada la kitabu, taratibu.

— Huyu mtu wako, nyumbani kwake anaishi na nani?

  Farzana alifunua kurasa haraka, kisha polepole, mpaka ya mwisho. Mzee alimngoja bila hasira, kama mtu aliyeuliza njia.

— Sikumwekea mtu, mzee, Farzana akasema.