Bwanaheri na Kata ya Maji

Marehemu Bwanaheri bin Mwinyimvua, mjomba wangu, alizaliwa Ndundu katika masika ya mwaka 1868, mto ulipofika mpaka mlangoni. Mimi Sadallah nimeshika karatasi hii ya wasifu wake kwa sababu wengine wameikataa.

Alisoma chuoni Kibiti juzuu kumi. Ya kumi na moja alisema imemkimbia. Alikuwa mkulima wa mpunga. Akiwinga ndege aliwatukana kwa majina ya mashemeji zake, nao mashemeji wakamjibu kutoka shamba la pili. Mwaka 1894 alimwoa Bi Mwanabaraka, wakajaliwa binti, Semeni.

Agosti 1905, tulipochoshwa na pamba ya serikali, alileta dawa ya maji kutoka milimani. Alimnyunyizia mdogo wake, Kondo, kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Usiogope, risasi zitageuka maji." Mwezi uliofuata, vitani, Kondo alipigwa risasi ya kifua akiwa ubavuni pa kaka yake. Aligusa jeraha akasema, "Kaka, mbona maji haya ya moto?"

Tangu hapo mjomba hakustahimili sauti ya maji. Mtu akichota mtungini, alikimbilia uvunguni. Mganga alisema pepo. Karani wa akida alisema uvivu. Daktari wa serikali aliyepita Kibiti alisema mishipa ya fahamu imechoka, akaenda zake. Bi Mwanabaraka alisema, "Hofu yake imeshayazoea maji, ikiyasikia tu inaamka. Tutaifundisha upya, polepole." Alimwekea kata tupu, kifuu cha kuchotea maji. Baada ya siku nyingi, kata yenye tone. Mwezi uliopita marehemu alikunywa funda zima mbele yetu, akacheka.

Mimi nikaona anachelewa kupona. Jumatatu hii Bi Mwanabaraka alikwenda porini kuchimba ming'oko, maana njaa imetufika. Nikachukua maji ya dawa ya mganga, mtungi mzima, nikammiminia kichwani. Nilidhani namtoa pepo. Alipiga kelele mara moja tu. Hakunywa tena hata tone. Amefariki leo alfajiri, Ijumaa tarehe 14 Juni 1907.

Ameacha mjane, binti mmoja, na mimi.

Asubuhi tumemwosha. Maji yalimpita kichwa mpaka miguu, naye hakukimbia. Bi Mwanabaraka alikaa nje na kata yake, akanipa mgongo. Mwalimu wa chuoni ametukumbusha kuwa peponi mito hupita chini ya bustani. Namwomba Mola ampe mjomba wangu pembe iliyo kavu.