Anayemkamata Sherifu

Royce, zima hiyo redio ya kazini uje ukae upande huu wa dirisha nikuone, na wewe Lenora mbona umevaa koti tangu asubuhi kama mtu anayepita tu. Kaeni, nina maneno yangu ya mwisho na pumzi zenyewe ni za kubahatisha, kwa hiyo asinikatize mtu.

Mali nianze nayo, maana haina maneno mengi. Nyumba hii ni yenu wote wawili. Shamba la kijitoni, ambalo mmenuniana kwa ajili yake tangu baba yenu afe, ligawanywe kwenye mti wa jozi, mahindi yaliyosimama sasa avune Lenora, na msije mkapelekana mahakamani. Kuku mpeni jirani.

Sasa nije kwenye jambo kubwa kuliko yote niliyopata kuyaona. Mimi nilizaliwa jela. Watu wa mjini hucheka nikisema hivyo, lakini nyinyi mnajua kwamba enzi zile sherifu wa kaunti hii alikaa na familia yake kwenye jengo lile lile la jela, sisi mbele, mahabusu nyuma, na katikati jiko la mama yangu, aliyewapikia wote chungu kimoja. Babu yenu, Orville Pruett, alichaguliwa kwa kura, akateua manaibu wake mwenyewe, akashika jela, akapeleka hati za mahakama, akanadi mashamba ya waliofilisika, akatafuta waliozama mtoni. Cheo hicho ni cha kale kuliko nchi hii, kilivuka bahari kutoka kwa watu wa mfalme wa Uingereza waliomsimamia majimbo yake. Baba alikuwa pande la mtu, na mimi mtoto niliamini hakuna mkono duniani unaoweza kumgusa.

Halafu akampiga mahabusu aliyefungwa pingu, Clell Hatcher, mpaka jicho likapotea. Kaunti nzima ilijua na manaibu wote wakafyata mkia, kwani nani angemkamata bosi aliyemwajiri?

Tulikuwa mezani tunakula mayai alipoingia Emmett Voss, mzikaji wa mji, ambaye pia ndiye alikuwa mchunguzi wa vifo wa kaunti. Kijitu chembamba chenye kikohozi, hana bunduki, kofia ameishika mkononi. Baba akacheka.

"Emmett, maiti zimekuishia mpaka unafuata walio hai?"

"Zipo, Orville. Lakini jaji ametia sahihi hati ya kukukamata, na sheria inasema wewe ni wangu."

Wanangu, hapa sikilizeni vizuri. Waliotunga sheria ile walijiuliza, huyu anayekamata kila mtu, siku akikosa atakamatwa na nani, wakamchagua mtu mmoja tu katika kaunti nzima, mchunguzi wa vifo. Baba aliweka mkono kwenye bastola. Emmett hakurudi nyuma. Kisha lile jitu likafungua mkanda, likauweka kando ya sahani, likatangulia mbele ya yule mdogo, likapita jikoni, likaingia lenyewe kwenye chumba lilichozoea kuwafungia wengine. Nimeona mafuriko, nimeona kimbunga kikibeba paa la kanisa, lakini sijaona kitu cha kutisha na kizuri kama kile. Mchana mama alimpelekea sahani sawa na ya wenzake.

Nipe maji, Lenora... Inatosha.

Royce, sherifu leo ni wewe. Kijana Dwight Amsler amekufa kwenye jela yako akiomba dawa yake ya sukari, na wewe ukawaambia manaibu wamwache apige kelele zake. Sikukulea hivyo, na nimekulilia wewe, nikamlilia na mama yake pia. Lenora, mchunguzi wa vifo ni wewe, na hati ya jaji ya kumkamata ndugu yako imo ndani ya hilo koti tangu Jumatatu. Muuguzi akiongea kwenye simu hudhani nimelala, kumbe nasikia yote. Mmepatana kimya kimya kwamba mama afe kwanza. Basi kila asubuhi ninayoamka, mama wa yule kijana anaongezewa siku ya kungoja kwa ajili yangu, na mimi hilo silitaki.

Wosia wangu ni huu. Royce, simama, ufungue mkanda. Lenora, usimtie pingu; akikataa, mtie. Mpeleke wewe mwenyewe kwa gari lako, akae kiti cha mbele, wala usimsimange njiani. Huko ale wanachokula wenzake. Mimi... muuguzi yupo, atanishika mkono.

Inamisheni vichwa, mikono yangu haifiki. Mungu awalinde wote wawili, anayekamata na anayekamatwa... awarudishe meza moja. Msinibusu tena, mnachelewa. Nendeni nikiwa bado hai... nilisikie gari likiondoka.