Mwalimu Ladislas na Koleo Aliyoichagua

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mwalimu Ladislas Bizimana anastaafu baada ya kufundisha ufundi wa elektroniki chuoni kwetu, hapa Kamembe, kwa miaka ishirini na minane.

Alikuja kutoka Bukavu, alikokulia, na kisanduku kimoja cha vifaa. Wanafunzi walimwita Papa Kibano, kwa sababu kibano hakikutoka mfukoni mwa shati lake, hata akiwa kanisani. Hakuna aliyefungua boksi la redio ya kuunganisha kabla ya kuchagua vifaa vyake na kueleza sababu: chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu, koleo ndogo ya kukatia. Aliyeleta koleo ya fundi bomba alirudishwa mlangoni, darasa zima likicheka. Mafundi wengi wa simu pale sokoni wamepita mikononi mwake.

Tungependa kuishia hapo, lakini yeye mwenyewe ametuomba tuandike pia habari ya Uwamwezi.

Uwamwezi alikuwa wa kwanza darasani mwaka 2019, na Mwalimu alikuwa akimwandaa aje kushika nafasi yake. Asubuhi moja ya Machi, miwani ya kinga ilikuwa imefungiwa stoo na mwenye ufunguo alikuwa hajafika. Kwenye redio ya Uwamwezi zilibaki nyaya mbili tu za kupunguza. Mwalimu akamchagulia koleo kali kuliko zote, akamwambia amalize. Kipande cha waya kikaruka, kikamwingia jicho la kushoto. Madaktari hawakuweza kuliokoa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeumia karakanani. Lakini Mwalimu hakumkabidhi tena mwanafunzi kifaa mkononi. Alikiweka mezani, akarudi nyuma.

Mwezi uliopita alikwenda Muganza, ambako Uwamwezi anauza mchele, kumwalika kwenye sherehe hii. Alimwambia, "Ni miye nilikupatia ile koleo."

Uwamwezi akaendelea kumpimia mteja mchele hadi akamaliza.

"Najua, Mwalimu. Siko na hasira na weye," akajibu. "Lakini usikuye tena hapa."

Leo hatakuwepo. Wa kushika nafasi ya Mwalimu hajapatikana, na muhula ujao karakana itafungwa.

Asante, Mwalimu, kwa kila fundi uliyemtoa. Umetukataza kukutakia furaha. Basi tunakutakia usingizi.