Kompyuta Isiyozimwa ya Darasa la Fomula

Mgeni rasmi, Ibu Wilhelmina, Mkuu wa Elimu wa Mkoa. Pak wetu, bwana mkuu wa shule. Walimu wetu na wazazi:

Sisi wanafunzi wa darasa la programu hapa mjini Maumere tunakukaribisha. Tulitamani kukupokea kwa furaha. Utuwie radhi Ibu, furaha hatuna.

TULIKOTOKA
Kompyuta zetu zililetwa na mradi ambao uliondoka na nywila zake. Hazikubali kuwekewa programu wala kuhifadhi faili. Ndipo mwalimu wetu, Bu Rosalia, akatuonyesha ukurasa mmoja wa mtandaoni. Unaandika fomula humo humo kwenye kivinjari, jibu linarudi papo hapo, na fomula inayofuata inajengwa juu ya iliyotangulia. Ukurasa hukumbuka yote, lakini ukifungwa husahau yote. Kwa hiyo kompyuta moja hatukuizima tangu msimu wa mvua. Tuliilinda kwa zamu, kama zamu za kufagia. Umeme ukianza kuyumba, mwenye zamu anaunganisha betri kabla haujakatika.

MAFANIKIO
Tulianza na fomula ya fundo moja la ikat, ufumaji wetu wa nyuzi zinazofungwa mafundo na kutiwa rangi, ikaja ya mstari, ikaja ya ua, hadi saruni nzima wanazofuma mama zetu zikajichora kwenye kioo. Picha tulizichapa, ndizo hizo ukutani. Fomula zenyewe hatukuzinakili, tulishapumbazwa na picha. Ujinga huo ni wetu, hatumsingizii mtu.

YALIYOTUKUTA
Jana tulikuwa kwenye usafi wa kukupokea. Makamu mkuu, Pak Fabianus, akaona waya.

"Chomoeni hiyo! Mgeni akijikwaa mtamwambia nini?"

"Pak, tafadhali, kazi yetu yote imo humo!"

"Kazi gani? Mimi naona mistari tu. Si mtawasha kesho? Mbona mnalia kama mmefiwa?"

Akachomoa mwenyewe. Tulipowasha, ukurasa ulikuwa mweupe. Bu Rosalia alikaa sakafuni. Leo asubuhi Pak Fabianus ametuletea keki, maana hana roho mbaya. Hatukuweza kula.

MAOMBI
Tunajua umekuja kuamua kama darasa hili liendelee au lifungwe, na uliahidiwa kuona kazi. Kazi haipo. Tangu alfajiri tumefanikiwa kurudisha fundo moja tu, nalo limetoka limepinda. Hatuombi kompyuta mpya, tunaomba muhula mmoja. Usipoweza kutupatia muhula huo, basi Bu Rosalia asilaumiwe.

Hata fundo hilo hatuwezi kukuonyesha. Betri imekwisha, chumba hiki kina soketi moja, na kipaza sauti hiki kiliihitaji. Safari hii kompyuta tumeichomoa wenyewe.

Mungu akufikishe nyumbani Kupang salama, na huko njiani akukumbushe habari zetu.

Ni sisi, Darasa la Fomula.
Imesomwa na Florentina Lering, mwenye zamu ya leo.