Chupa Mia Mbili na Kumi na Nne

Benchi la kona ya makumbusho halijawahi kufunga mdomo tangu lipigiliwe misumari, ila asubuhi ile Mng'aro alilinyamazisha. Mng'aro ni mfagiaji wa makumbusho. Sakafu yake unaweza kujitazamia meno, na atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Leo kaja midomo mikavu, kaukumbatia mfuko wa nailoni uliojaa vikaratasi vilivyolowa. Kahawa kapewa, kaisahau mkononi.

— Semeni kitu basi! Nimevitoa vyote.

— Vyote? Spana, fundi baiskeli, alitumbua macho. Chupa ngapi?

— Mia mbili na kumi na nne. Buibui na nge, kabati zima. Kila chupa, mdudu na kikaratasi kichakavu ndani ya spiriti. Nikasema, huu uchafu umeingiaje humu? Nikachomoa kwa kibano, kimoja kimoja, siku mbili.

— Mama yangu! Si ndiyo majina yao hayo!

— Mlinzi kaniambia leo. Jina, mahali alipokamatwa, tarehe. Na bosi wa wadudu anarudi safari saa kumi. Saa kumi na robo sina kazi.

Profesa, fundi viatu aliyeagana na shule darasa la nne, alikohoa kisomi.

— Tulia, mdogo wangu. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Hao wanaelea, kwa hiyo hawana mwenyewe.

— Wewe, hiyo methali ya vyombo!

— Na chupa ni nini, godoro?

— Panga kwa ukubwa, alisema Spana. Buibui mkubwa, jina refu.

— Mbona wewe kibonge na jina lako herufi tano?

Profesa akasogea ukingoni mwa benchi.

— Sikilizeni. Mdudu anajijua. Mwonyeshe vikaratasi, akikiona chake mguu utacheza.

— Kafa kabla babu yako hajaoa!

— Ndiyo maana hana haraka.

— Basi rudisha popote! Spana alipiga goti. Nani anasoma jina la buibui? Mgeni anahesabu miguu, anapiga yowe, anaenda zake. Asiyekuwepo na lake halipo.

Popote. Mng'aro alihisi moyo ukirudi kifuani. Akaigida kahawa kwa mkupuo, akasimama.

— Samahani, kaka zangu.

Mwanamke alikuwa mbele yao, anahema, ndara zake si jozi. Akafungua kiberiti. Ndani mna nge, kapondwa nusu, mkia mzima.

— Kamuuma mume wangu alfajiri. Yuko hospitali, hata mate hamezi. Daktari kasema nije nimlinganishe na wa humu kwenye chupa, nimpelekee jina, ndipo ajue sindano gani.

Akaiona sare ya Mng'aro.

— Kaka, huyu anaitwaje?

Mng'aro aliutazama ule mkia, akamjua. Rafu ya tatu, chupa ya pili kutoka dirishani. Jana aliifuta mpaka kioo kikawaka.