Kichupa cha Kumi na Moja: Miaka Ishirini na Saba ya Daktari Eliakimu Ngowi

Jumamosi, tarehe 30 Juni 1984, saa sita mchana, Ndugu Daktari Eliakimu Ngowi, Mkuu wa Ofisi yetu ya Karantini, atakabidhi funguo na kustaafu baada ya kulitumikia taifa kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ni karani wa masjala hapa tangu mwaka 1971, na faili lake nalijua kuliko anavyolijua mwenyewe. Wameniambia niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila leo kila mtu ofisini ana mafua, na sitaki kusikia kwamba ni kitu kingine.

Daktari alizaliwa Machame mwaka 1929, akasomea udaktari Makerere, akaanza kazi hapa Dar es Salaam Machi 1957. Kwa miaka kumi na moja alikuwa daktari wa wodini. Wagonjwa kutoka Kariakoo walikuwa wakipanda mpaka Upanga kwa miguu na kumwulizia kwa jina, kwa sababu ya tabia yake moja. Kabla hajakuwekea kifuani ule mpira wa kusikilizia, alikishika kwanza kile chuma cha mwisho katika kiganja chake mpaka kipate joto. Ni jambo dogo, lakini mwenye homa halisahau.

Mwaka 1968 alipata barua ya kuhamishiwa karantini kwa muda wa miezi sita. Akautundika mpira wake kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, tayari kwa kurudi wodini. Miezi sita hiyo imekuwa miaka kumi na sita. Aliomba kurudi mara tisa. Nakala zote tisa ninazo masjala. Kila jibu lilimshukuru sana na kumwomba avumilie kidogo.

Alivumilia, na bandari ikamjua. Hakuna meli iliyoshusha mtu Dar es Salaam kabla Daktari hajaona kadi ya njano ya chanjo. Kiongozi mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa naye amealikwa, aliwahi kuzuiwa melini kwa saa nne kwa kadi iliyopitwa na wakati. Alipofoka kwamba yeye ni mtu mkubwa, Daktari alimjibu kwa upole, "Mzee, mdudu hajui cheo," kisha akaagiza chai, wakanywa wote wawili.

Huko Kariakoo nako walimjua kwa namna yao. Akipita Mtaa wa Msimbazi, wenye maduka walipandisha mkono wa shati na kumwonyesha kovu la ndui begani, hata kabla ya salamu. Kipindupindu kilipoingia mjini, akawaandama wauza maji ya ukwaju na matunda ya kukata mpaka wakambandika jina la Bwana Chemsha. Walimkasirikia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu walikuwa wakichemsha na kumtangazia kwa sauti tokea ng'ambo ya barabara: "Bwana Chemsha, yametokota hayo!"

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati haikuniambia niandike.

Mwaka ule wa 1968, msichana wa Mtaa wa Mkunguni aitwaye Tatu, mwenye miaka kumi na tisa, alirudi safari ya bara akiwa na ndui. Daktari ndiye aliyemtambua wodini, na ndiye aliyetia saini apelekwe kambi ya kutengewa wagonjwa nje ya mji. Sheria ilikataza jamaa kufika. Daktari alimhudumia kwa mkono wake, akabandua kigaga kimoja cha ndui mkononi mwa msichana, akakigawa: nusu ipelekwe ng'ambo kuthibitishwa, nusu ibaki katika kichupa. Siku ya kumi na mbili, Daktari akiwa Kariakoo na sindano, Tatu alifariki. Watu wa afya walimzika hukohuko kambini haraka, bila jamaa. Katika siku tisa Daktari na wenzake walichanja watu elfu nne, na mtaani hakuugua mwingine hata mmoja. Nami ni mmoja wa hao elfu nne. Kovu langu ni kazi yake.

Kambi ikafungwa, vibao vya makaburi vikang'olewa, pakalimwa mihogo. Kuanzia hapo mama yake Tatu, Bi Mgeni binti Sadalla, anayepika vitumbua palepale Mkunguni, alikuwa akija ofisini kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Majirani walikuwa wameacha kumwita Mama Tatu kwa kumwonea huruma. Daktari peke yake hakuacha. Bi Mgeni aliketi, akauliza swali lake moja: "Daktari, mwanangu umemlaza wapi?" Naye Daktari alisimama kumjibu, kila mara: "Mama Tatu, bado namtafuta." Hayakuwa maneno matupu. Alikwenda kule mara tatu na mpima ardhi, akarudi mara tatu na udongo kwenye viatu.

Mwaka 1979 ukaja waraka. Ndui ilikuwa imekwisha duniani, na kila ofisi yenye masalia ya ugonjwa huo iyateketeze. Kwenye jokofu letu mlikuwa na vichupa kumi na moja. Kumi havikuwa na jina, namba tu. Cha kumi na moja kilikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Daktari: Tatu, miaka 19, Mkunguni.

Angeweza kuvichoma vyote asubuhi ile, na hakuna ambaye angejua. Badala yake alivaa kofia, akatembea mpaka Mkunguni, akamweleza Bi Mgeni kwamba duniani kumebaki kipande cha mwanawe chenye ukubwa wa punje ya dengu, na kwamba yeye ameamriwa akichome. Bi Mgeni aliacha vitumbua vikaungua. Kisha akasema, "Fanyeni yote, baba. Msimchome moto mwanangu."

Vichupa kumi vilichomwa wiki hiyo. Kwa cha kumi na moja Daktari aliandika barua ya kurasa sita, akieleza kwamba mvuke mkali huua ugonjwa sawasawa na moto, na kwamba kikishachemshwa hakina madhara tena na kinaweza kuzikwa. Majibu yalichukua miezi saba. Katika miezi hiyo ufunguo wa jokofu ulikuwa shingoni mwake, na kila umeme ulipokatika alikuja mwenyewe na barafu kutoka Kivukoni, ikinuka samaki. Alitakiwa kujieleza kwa maandishi mara mbili. Cheo alichokuwa akisubiri kilipewa mtu mwingine. Mimi, kwa ujinga wangu, nilimwambia akichome tu yaishe. Hakunikemea. Aliniambia nipige chapa barua nyingine.

Jibu lilipokuja lilikuwa maneno mawili: Hakuna pingamizi.

Bwana Chemsha alikichemsha kile kichupa mara tatu, ingawa mara moja ilitosha. Ndugu Winifrida wa maabara alisimamia mtambo wa mvuke, mimi nilisoma saa, na wote tuliweka saini. Wanaume wa Mkunguni wakakipokea kile kipande katika kitambaa cheupe, wakakisalia, wakakizika makaburini. Daktari, Mlutheri wa Machame, alisimama nyuma yao amevua viatu. Alirudi moja kwa moja mpaka kwa Bi Mgeni, akasimama mlangoni, akamwelekeza: safu ya nne kutoka ukutani, karibu na mti wa mlangilangi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja alikuwa na jibu.

Tangu hapo mambo yaligeuka. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi Daktari ndiye aliyepita kaburini, akang'oa majani, kisha akaenda Mkunguni kumpa mama habari, maana miguu ya Bi Mgeni haimfikishi huko tena. Mwezi huu ilikuwa zamu yake ya mwisho, lakini Bi Mgeni alimwahi. Aliletwa ofisini na dereva wetu, Ndugu Kasmir, akiwa anakohoa.

Daktari alitazama nyuma ya mlango. Ule mpira ulikuwa umekauka na kupasuka. Winifrida akaubadilisha kwa mpira wa maabara, tukiwa tumesimama wote kama watu wa harusi. Kisha, baada ya miaka kumi na sita, Daktari alikishika kile chuma kiganjani mpaka kikapata joto, akamwekea Bi Mgeni mgongoni.

Bi Mgeni akauliza, "Na Tatu ulimfanyia hivihivi?"

"Hivihivi, Mama Tatu. Halafu nikamdanganya. Aliniuliza habari zako, nikamwambia utakuja kesho. Nilijua hutaruhusiwa."

Sikuwahi kusikia habari hiyo, na faili halina. Bi Mgeni akajifunga vizuri khanga yake. "Basi alilala akinisubiri," alisema. "Mimi miaka yote nilidhani alilala akiogopa."

Kifua chake, kwa taarifa ya wasomaji, ni kizima. Ni vumbi la mkaa.

Kamati ilipomwuliza Daktari anataka zawadi gani, wengine walitaja redio, wengine godoro. Yeye alisema hana haja ya kitu, ila angelala vizuri zaidi kama angejua nani atapita makaburini.

Ndugu Daktari, sasa nasema na wewe. Asante kwa bandari, asante kwa maji yaliyochemka, asante kwa kovu hili. Ofisi hii itakukumbuka, na mimi nitakukumbuka kuliko ofisi. Nenda Machame kwa amani. Tumesikia zahanati ya kijiji chenu haina daktari, nawe una mpira mpya. Siku zako huko ziwe nyingi na nyepesi, na mikono yako isikose mtu wa kumgusa.

Zamu ya Ijumaa imebandikwa ubaoni. Julai ni Kasmir, Agosti ni Winifrida, Septemba ni mimi, na kuendelea. Mama Tatu akiuliza mwanawe amelazwa wapi, hapa kuna watu kumi na wanne wanaojua.

Sophia Bushiri,
Masjala